Moshi wa Kuzaliwa wa Chukudu Yetu

Kwii. Kulikuwa bado giza. Chukudu yetu inalala ndani, karibu na masufuria, na kuna mutu alikuwa anaigusa. Ni mume wangu, Théogène, alikuwa anapakaa mafuta ya mawese kwenye magurudumu.

"Papa Umuhire, unaipamba ya nini?"

"Inaenda kuhukumiwa. Isifike huko ikilia."

Basi kwa heshima kubwa natangazia wakaaji wote wa Goma: Komisyo ya Moshi wa Kuzaliwa imefika mutaa wetu wa Majengo, na sekretere wake ni mimi. (Wasichana, masomo ya jioni yana faida, musichoke.) Zamani watu walipima tu moshi wa bomba. Ujinga! Kisayansi, chombo kinahesabiwa moshi wake tangu kuzaliwa: muti uliokatwa, musumari uliopigwa, mupaka siku kitakapokuwa kuni.

Tukaanza na chukudu, hilo gari letu la mbao la magurudumu mawili, linalobeba viazi vya muji muzima kwa nguvu ya muguu mumoja. Direkteri Éphraïm aliongoza kikao akiwa ndani ya jeep yake, katikati ya barabara. Injini ilinguruma tangu asubui, ili sayansi isipate baridi.

"Muti gani?"

"Mukaratusi, Papa Direkteri," Théogène akajibu.

"Umeua muti. Na mupira wa gurudumu?"

"Ni tairi kuukuu ya lori."

"Basi umerithi moshi wote wa lori. Sekretere, andika!"

Niliandika. Kazi ni kazi, hata kama mushitakiwa ndiye baba wa Umuhire, mutoto anayevuta kikwembe chako kiunoni.

"Injini?"

"Haina, Papa."

"Hakuna chombo bila injini. Nani anasukuma?"

"Mimi."

"Injini ni wewe. Asubui ulikula nini?"

Théogène akaniangalia. Mimi ndiye nilipika.

"Maharagi."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Direkteri hakucheka. Maharagi, alifafanua, yametoka Masisi na lori, na isitoshe yana moshi wake wa baadaye. "Injini imefungwa!" Akaagiza utepe mwekundu kwenye chukudu, na mwingine kwenye muguu wa Théogène, ule wa kusukuma.

Kufika saa sita, wasukumaji wote wa Majengo walikuwa wamekaa chini na tepe zao muguuni. Viazi navyo vimekaa. Niliangalia ule muguu. Usipotembea, kwetu sufuria haipandi jikoni.

Mama Sidonie, muuza viazi, akauliza: "Na jeep, je?"

"Jeep ni zawadi ya marafiki wa ng'ambo," Direkteri akasema kwa upole. "Hapa hakuna aliyeiona ikizaliwa. Itakuwaje na moshi wa kuzaliwa?"

Hilo pia niliandika, kwa mwandiko muzuri.

Hapo jeep ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mazuti yamekwisha ndani ya tangi. Nyuma yake honi zikaanza: pikipiki, malori, na gari la wageni waliokuja kuipongeza Komisyo.

"Sukumeni!" Direkteri akaagiza.

"Tungesukuma, Papa," Théogène akasema, "lakini injini imefungwa. Nilikula maharagi."

"Mimi nilikula na kuongeza," mwenzake akasema.

"Mimi sombe, majani ya muhogo. Moshi wake hata sijui!"

Honi zikazidi. Jasho likamushuka Direkteri mupaka kwenye kravati.

"Haya, nafungua injini!"

"Na machukudu?"

"Na machukudu!"

"Milele?" Mama Sidonie akauliza. Yeye bei hakubali ya kwanza.

"Milele! Sekretere, andika!"

Sijawahi kuandika mbio vile.

Tepe zikaanguka. Wanaume wakashika jeep, Direkteri wakamuachia pale katikati nyuma, mahali pa heshima. "Mooja, mbiili, sukuma!" Viatu vyake vikazama kwenye vumbi jeusi la volkano, na jeep ikatembea. Umuhire wangu, miaka mine, akaachilia kikwembe, akamukimbilia Direkteri, akamuuliza kwa sauti:

"Papa Direkteri, na wewe asubui ulikula nini?"