Bango la Mkonge Unaotembea

Maneno yalianzia Kimamba, yakapanda bodaboda, yakafika Kilosa kabla watu hawajamaliza chai: kuna kijana anapiga watu picha, anazitia kwenye kompyuta, zinatoka macho yanavuja damu, na mwenye picha akilala anaamka nusu. Nusu ipi, msemaji hakujua. Lakini neno la namna hiyo likishaingia sikioni mwa mama mwenye binti, halitoki. Unapepeta mchele, lipo. Unasali, lipo.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeamka nusu. Zilizobaki nusu ni nyumba zao.

Kijana mwenyewe aliitwa Onesphory, ingawa Kilosa alijitambulisha kama Dairekta Oni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na miaka thelathini, viatu vilivyochongoka mbele, na ulimi wa kumuuzia chura ndoo ya maji. Siku aliyoshuka hapo hakuwa na mpango wowote zaidi ya kula. Akapita nyuma ya soko, kwenye kibanda cha video, akakuta watu wamesimama mbele ya bango la filamu ya kutisha. Mzimu umetoa ulimi hadi kifuani.

"Hata mimi naweza kuutoa hivyo," alisema mwanamke mmoja.

"Wewe Shamimu wako unaupita huo," alijibu mzee aliyekuwa pembeni yake.

Onesphory akasimama. Mtu akimwona mzimu akakimbia, huyo ana akili zake, mwache aende. Lakini mtu akimwona mzimu akamwonea wivu, huyo ameiva, anangoja kuchumwa tu.

Kufikia Jumatatu alikuwa amepata kona kwenye duka la fotokopi, amefungua laptopu ambayo betri yake ilishakufa na sasa iliishi kwa kuchomekwa ukutani, na ametangaza filamu. Jina lake, Mkonge Unaotembea. Mkonge wa shamba la zamani unang'oka na mizizi yake, unaingia mjini kuwatafuta waliowakata ndugu zake. Itapigwa Mikumi, Jumamosi. Waigizaji wanahitajika, na sura zao zitakaa kwenye bango. Pesa hachukui, yeye ni msanii. Anachotaka ni kila mwigizaji alete kifaa kimoja cha kuigizia, kitarudi filamu ikiisha. Na kadiri kifaa kinavyokuwa kizito, ndivyo sura inavyokuwa kubwa.

Shamimu, ambaye ana saluni, alileta draya yake ya kukaushia nywele, ile ya kusimama. Akapewa sura ya ukubwa wa kisahani. Onesphory alimkata kichwa kwenye picha, akampaka rangi ya kijani kama embe bichi, akamtia weusi chini ya macho, akamalizia na michirizi ya damu mdomoni. Lazima tuseme haki: kazi aliijua. Angekuwa mkweli angekuwa fundi.

Yule mzee wa pale kwenye kibanda, Mzee Hussein, alileta magunia mawili ya mpunga.

"Sasa dairekta, mpunga wangu unaigiza nini?"

"Mzee wangu, kwani mzimu hauli?"

"Unakula."

"Basi."

Mzee Hussein akatafakari, akaona ni kweli. Kisha akasogeza miwani kwenye skrini. "Mbona Shamimu ananizidi ukubwa?"

"Yeye yuko mbele, mzee. Wewe uko ndani ya maana."

"Niongezee meno."

Akaongezewa meno mpaka akafanana na ngiri. Akaondoka na nakala yake mkononi, ameridhika, akiwasalimia watu ambao kwa kawaida hawasalimii.

Jumatano akaja Mama Vaileth, jina lake Anastazia, fundi wa nguo.

"Shikamoo mama," alisema Onesphory.

"Marahaba. Cherehani yangu iko wapi?"

"Ile? Ile ndiyo inayoshona sanda ya mkonge. Tukiiondoa, mkonge unatembea uchi."

"Mwanangu, nina sare ishirini za watoto wa shule, nimeshazikata, zimelala mezani. Cherehani ile ndiyo inayotulisha. Vaileth alikupa nikiwa shamba, Rudewa. Nirudishie."

"Mkataba umeshasainiwa, mama."

"Na nani?"

"Na Vaileth."

"Vaileth ana miaka kumi na saba."

"Lakini sahihi yake ni ya mtu mzima kabisa."

Mwenye duka la fotokopi akaanza kuchunguza dari kama anayetafuta mchwa. Mwingine hapo angepiga kelele. Mama Vaileth alitazama mlango wa stoo vilimofungiwa vifaa, wenye kufuli mbili, akakaa kwenye benchi, akajifunga kanga vizuri.

"Basi nionyeshe hicho nilichonunua."

Onesphory akafurahi. Mteja aliyekaa ni mteja aliyekwisha. Akageuza skrini. Vaileth alikuwa katikati, macho mekundu, mizizi ikimtoka puani.

"Huyu nani atamwoa?" aliuliza mama. "Mpunguze. Mweke kule chini, awe mdogo, awe analia tu."

Akapunguzwa, akawekwa chini, akalia.

"Na hawa wengine wapange hapo hapo naye, wote walie. Sasa hapa katikati pamebaki tundu. Wewe uko wapi?"

"Mimi ni dairekta, mama. Sionekani."

"Na uzuri wote huo?"

Onesphory akacheka. Akajikohoza. Kwa miaka yote amedanganya watu kwa kuwasifu, na hakuna aliyewahi kumfanyia yeye. Ungemwona tu akivuta picha yake ya suti, ile aliyopiga studio, akiiweka katikati, akiikuza mpaka inajaa.

Akataka kujitia damu.

"Ya nini?" alisema mama. "Utachafua shati. Hebu weka mwanga nyuma ya kichwa, uonekane mtu wa maana. Na hayo maandishi ya mkonge yanakugusa kidevu, yapunguze yakae kwenye ukingo."

Alhamisi akarudi na maandazi ya moto. Ukungu mweusi ukaondolewa, pakawa peupe. Radi ikatolewa, ukawekwa mshumaa. Fuvu likatolewa, yakawekwa maua.

"Filamu za kisasa hazitishi kwa kelele," alieleza mama.

"Kweli kabisa mama, zinatisha kwa ukimya," alisema Onesphory, kama vile wazo ni lake.

"Nyumbani hasa ni wapi, mwanangu?"

Hapo angenyamaza. Lakini andazi lilikuwa la nne. "Zombo. Niliondoka nikiwa na miaka kumi na minne. Walikuwa wananiita Debe Tupu."

"Masikini. Andika jina lako lote na la baba, wakuone. Weka na siku, saa na mahali. Mimi nina safari ya Zombo kesho, nitakubandikia."

Akaandika. Jumamosi, saa nne asubuhi, Mikumi, gesti ya nyuma ya stendi. Mwenye duka akachapa nakala kumi za rangi, akazitazama, akamtazama Mama Vaileth. Onesphory alizitazama pia. Aliona kijana mzuri mwenye suti. Anayejitazama mwenyewe haoni kitu kingine.

Ijumaa akapakia draya, mpunga, cherehani na vingine kwenye gari la kukodi, akaenda Mikumi, akapanga chumba. Dereva wa lori linalokwenda Dar alimwahidi kumpitia saa sita mchana Jumamosi. Waigizaji wangefika asubuhi. Angewapeleka porini wajifunze kulia, yeye arudi kuchukua mzigo. Ndivyo alivyopanga.

Saa nne kamili alisikia kilio uani. Akatabasamu. Hawa wameanza mazoezi bila kuambiwa. Akatoka.

Uani kulikuwa na Fuso zima la watu wa Zombo. Shangazi yake Perpetua alikuwa amekaa chini, kanga kiunoni, bango kifuani. Na msiba wa huku hauendi bila watani. Hao ndio wenye ruhusa ya kumcheka marehemu, kulala kitandani kwake, na kubeba vitu vyake mpaka ndugu wavikomboe. Mtani hakasirikiwi wala hashtakiwi. Siku hiyo waliongozwa na Herman, mtu mzima mwenye ndevu, aliyevaa sufuria kichwani.

Shangazi akamwona Onesphory, akazimia, akazinduka, akamzaba kofi kuthibitisha.

"Shikamoo shangazi," alisema Onesphory, ameshika shavu. "Mimi ni mzima."

"Unatusumbua," alisema Herman. "Maiti gani inatembea? Rudi ndani ulale, tumetoka mbali."

"Nani kawaambia nimekufa?"

Mama Vaileth alikuwa kando, kanga imefungwa vizuri, pamoja na binti yake, Shamimu na Mzee Hussein. Hao wawili wa mwisho walikuwa wamejipaka unga usoni, tayari kuigiza, na waombolezaji walikuwa wanakaa nao mbali.

"Mimi sikusema neno," alijibu Mama Vaileth. "Nilibandika picha uliyoitengeneza mwenyewe. Watu wakaona mshumaa, maua na wanaolia, wakajua ni tangazo la msiba."

Watani wakaingia chumbani. Ikatoka draya. Yakatoka magunia. Herman akatoka na cherehani begani, anaimba.

"Weka chini hiyo," alisema Onesphory.

"Ni yako?"

Onesphory akapiga hesabu. Akisema ni yake, watani wanaondoka nayo, na hakuna wa kumshtakia. Akisema si yake, wenyewe hao wamesimama. Aliangalia barabarani; lori halijafika. Akamwangalia Herman, sufuria halicheki.

"Si yangu," alisema polepole.

"Sema kwa sauti, marehemu."

"Si yangu. Ni ya Mama Vaileth."

"Na mpunga?"

"Wa Mzee Hussein."

"Na hili likofia la umeme?"

"La Shamimu."

Kila kitu kikapewa mwenyewe, kimoja kimoja, mbele ya watu hamsini. Mama Vaileth alilizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kuwa ni nzima. Mwisho Herman akatoka na laptopu.

"Na hii?"

"Hiyo ni yangu," alisema Onesphory haraka, kwa raha ya mtu ambaye angalau mara moja amesema kweli.

Herman akaitia kwapani.

Kwa hiyo, wenye watoto, epukeni haya:

– Kumpa mgeni kifaa cha kazi eti kikaigize.
– Kumwachia binti funguo za ndani ukienda shamba bila kumwambia jirani.
– Kusaini karatasi ambayo hujasomewa mpaka mwisho.
– Kutoa picha ya uso wako kwa mtu usiyejua kwao.
– Kuona haya kumuuliza kijana kwao ni wapi. Uliza.
– Kushindania ukubwa wa sura na jirani yako. Mzee Hussein bado analo bango lake la meno, amelitundika sebuleni, na wajukuu hawaingii.