Vioo vya Trekta la Ofisi

Jumatatu, 3 Machi 1975

Kioo cha nyuma cha trekta kimevunjika. Juzi, shambani Kongowe, haro, chuma cha kuvunja mabonge kinachokokotwa na trekta, ilirusha jiwe. Kosa la nani? La jiwe. Lakini jiwe halina meza hapa ofisini, kwa hiyo nimeitwa mimi.

Shirika letu la Mtaa wa Msimbazi linauza sufuria na sahani. Siku hizi kila ofisi lazima ilime, basi na sisi tunalima mahindi, kwa ustadi ule ule tunaouzia sufuria ambazo hatuna. Mimi ndiye karani wa zana: majembe, mapanga na trekta. Nilichaguliwa kwa sababu nilifaulu vizuri jiografia.

Mzee Sadalla, meneja wetu, amesema trektani vimebaki vioo vitatu, na vingine nchi nzima havipatikani. Kikipasuka hata kimoja, nahamia Kongowe kulinda mbegu zisifukuliwe na nguruwe pori. Nitalala juu ya miti, kwenye dungu la mlinzi! Nikasema ndiyo, mzee. Akauliza ndiyo nini. Nikasema ndiyo yote.

Vitalis, karani mwenzangu, alinipa pole nyingi sana huku akipima meza yangu kwa rula. Meza yangu iko chini ya pangaboi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata jibu. Wavu wa banda la kuku! Bi Mgeni, muuza kuku wa Kariakoo, alikuwa na banda bovu, akaniachia wavu wake kwa sharti nisiurudishe. Nikaizungushia kebini yote. Jiwe lije sasa!

Fikirini, dereva, alikaa ndani, akauliza pumba zinaletwa saa ngapi. Nikamweleza kwamba kila uvumbuzi huanza kwa kuchekwa. Akajibu kwamba uvumbuzi huu unanuka mavi.

Hata adhuhuri haijafika, wapita njia walikuwa wamesimama kuuliza bei. Mama mmoja alipenyeza mkono, akamminya Fikirini mkono, akasema huyu amekonda, hafai hata kwa supu.

Mzee Sadalla alitoka nje kutazama. Akataka kujua tangu lini shirika la umma linafuga kuku barabarani. Wavu umetolewa.

Vitalis, kwa upole wake wote, amenishauri nijaribu godoro.

Alhamisi, 6 Machi

Godoro! Hata adui anaweza kuwa na akili mara moja moja. Nimebeba la kwangu la sufi kutoka chumbani Magomeni, nikalifunga kwa kamba kuzunguka vioo vyote. Hakuna jiwe duniani lingeweza kupita.

Fikirini naye hakuweza kuona. Jambo hilo nililigundua alipolijaribu trekta uani, akarudi nyuma na kung'oa mlango wa choo. Mzee Sadalla alikuwa ndani.

Vioo vyote vitatu vizima kabisa! Nilitaka kumweleza hivyo, lakini nikaona haukuwa wakati wake. Alikuwa bado anatafuta mkanda.

Amesema Jumamosi ndiyo mwisho wangu. Wafanyakazi wote tunakwenda kulima, na yeye mwenyewe atavikagua vioo, asubuhi na jioni. Nimeshindwa kula. Vitalis amekula chakula changu.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo limenijia nikiwa na povu la sabuni usoni. Kioo ambacho hakipo hakipasuki.

Nashangaa wenye viwanda vya matrekta hawakulifikiria.

Fikirini amebandua kwa bisibisi mipira inayoshika vioo, akavitoa vyote vitatu. Nimevikunja ndani ya godoro langu, nikalifunga vizuri. Nimwachie nani? Nyumbani watoto wa mwenye nyumba hucheza mpira ukumbini. Ofisini kuna Vitalis. Nimeamua niende nalo kwenye tela, lisitoke machoni pangu.

Fikirini ameapa kutosema. Ameuliza tu Mzee atakapokagua vioo ataona nini. Nimemwambia kioo safi hakionekani.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Mzee alisimama mbele ya trekta, akatazama, akanisifu mbele ya wote. Tangu aanze kazi hajaona vioo vimesafishwa namna ile! Vitalis alinuna. Mimi karibu nilie.

Kisha tukapanda tela na majembe yetu. Sasa, mkubwa akipanda tela, lazima atafutiwe pa kukaa. Vitalis akaliona godoro langu. Akalipangusa kwa leso yake, akasema karibu hapa, baba, pana ulaini.

Nani atamnyima meneja wake godoro? Nilichoweza kusema ni kwamba lina kunguni. Mzee akasema kwa umri wake hata kunguni hawamtaki tena. Akakaa.

Kra.

Mzee akashika kiuno. Akasema huo ulikuwa mfupa. Tela zima likasema pole, mzee. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote. Na barabara ya Kongowe ina mashimo. Kila shimo kra, kila kra pole. Alishushwa na watu wanne, huku akituusia tumtunzie familia. Kisha akatembea. Alishangaa mwenyewe.

Haro ilifanya kazi kutwa. Mawe yaliruka mpaka ndani ya kebini, yakatokea upande wa pili. Hakuna kilichovunjika! Fikirini aliteremka mweupe kwa vumbi, akinitukania ukoo, lakini hayo si ya idara yangu.

Jioni Mzee alitaka kujinyoosha kidogo. Akaagiza godoro likunjuliwe.

Alitazama vipande. Akaenda kwenye trekta, akapitisha mkono dirishani mpaka begani. Vitalis akauliza, kwa sauti ya msibani, kama ahamishe meza leo au asubiri Jumatatu.

Nilijitetea kwamba hakuna kioo kilichovunjika katika kazi ya kulima. Mzee akauliza, basi nani kavivunja? Jibu lilikuwa moja tu. Nikaitazama suruali yake.

Jumatatu, 10 Machi

Kongowe. Niko kwenye dungu. Pangaboi hakuna.

Trekta limeachwa hapa chini ya ulinzi wangu. Vitu vya kioo vilivyobaki ni viwili tu: taa zake za mbele. Mzee amesema ikipasuka moja, nahamia Tunduru, ambako wanaokuja shambani si nguruwe, ni tembo.

Sitarudia kosa. Kosa lilikuwa godoro. Kitu laini kila mtu anatamani kukikalia!

Safari hii nimezifungua taa zote mbili na kuzitia ndani ya debe. Bati gumu. Halikaliki, na wala hakuna anayeruhusiwa kuligusa isipokuwa mimi, maana ndilo nililopewa la kugonga ili kufukuza nguruwe.

Vichaka vinachezacheza kule bondeni. Ndio hao! Rungu langu liko wapi?