Watoa Roho Tisa wa Kona ya Mwaloni

Lyle Prusak alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lake, anakula donati aliyopewa na mtu asiyemjua, aliposikia wazee wawili wakigombana juu ya nani ana haki ya kuwa Mtoa Roho.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, katika kambi ya mapumziko ya Pickerel Bend, huku Wisconsin. Watu walikuwa wameegesha nyumba zao za magurudumu kando ya bwawa, na kila mlango ulikuwa na boga lililochongwa macho na mifupa ya plastiki inayoning'inia. Halowini ilikuwa inakaribia. Kila mwaka siku hiyo wageni hupakiwa kwenye tela la nyasi kavu, trekta linawavuta msituni, na wanakambi waliojificha vichakani wanawarukia wakiwa wamevaa kama mizimu. Hao wazee, Wendell Krause aliyekuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, na Orville Stangl aliyekuwa mkulima wa mahindi, walikuwa bado wanaugua jeraha la mwaka jana.

"Uliniharibia, Orville," Wendell alisema. "Nimechutama kwenye matope pale Kona ya Mwaloni, miguu imekufa ganzi, natokea na joho langu jeusi na mundu wangu, nakukuta na wewe una joho na mundu. Watoto wakacheka!"

"Walikucheka wewe. Mtoa Roho gani anavaa miwani?"

"Bila miwani nitamwonaje ninayemtoa roho?"

"Mwaka huu kona ni yangu. Nitalala palepale tangu asubuhi."

"Utanikuta nimeshalala!"

Lyle akaacha kutafuna. Wajanja wengine wangeona hapo wazee wawili wenye upungufu wa shughuli. Yeye aliona neema. Miaka yote watu wa tela walikuwa wanauza nafasi ya kutishwa, kwa bei ya chipsi. Hakuna aliyewahi kuuza nafasi ya kutisha.

Na Lyle alikuwa na shida ya kweli. Baridi ilikuwa njiani. Mtu mwenye pesa kidogo anakwenda kuipisha Florida, anakaa ufukweni na kaptura. Mtu asiye na pesa anakwenda kwa dada yake. Dada yake Lyle aliitwa Gladys, anakaa Duluth, anafuga bata mzinga, na kwake hakuna kitu kinachoitwa mgeni. Ukifika unapewa buti na beleshi. Majira ya baridi yaliyopita Lyle alizoa mavi ya bata mzinga mpaka akaanza kuwaota kwa majina. Alikuwa ameapa hatarudi.

Basi akapangusa sukari mdomoni, akaenda ofisini kwa mwenye kambi.

Mwenye kambi aliitwa Gordy Haugen, mtu aliyetoza kuni, akatoza barafu, na ambaye maji yake ya bafuni yalikuwa ya moto kwa mtu wa kwanza tu kila asubuhi. Waliobaki walioga huku wanaimba kwa nguvu, si kwa furaha.

"Bwana Haugen," Lyle alisema, "nataka nikuandalie safari ya tela ambayo kambi zote za jirani zitaionea wivu."

"Bei gani?"

"Bure."

Gordy akamtazama kwa upendo ambao mkewe hakuwa ameuona miaka mingi. "Rudia hilo neno."

"Bure kabisa, kaka. Nipe tu sehemu ya kuegesha, na umeme."

"Umeme nao?" Gordy akaugua kidogo. "Haya. Lakini taa moja."

Kazi ikaanza. Lyle hakuita mkutano, maana mkutano ni mahali watu wanapolinganisha habari. Alipita nyumba moja baada ya nyingine, wakati mwenzi wa mtu ametoka.

"Daktari," alimwuma sikio Wendell, "ile Kona ya Mwaloni nimekutengea. Mtoa Roho ni mmoja tu mwaka huu. Lakini kuna watu wananisumbua, wanapandisha dau."

"Orville?"

"Mimi sitaji majina."

Wendell akatoa pesa kabla hajaulizwa. "Na hii ni ya kumkatisha tamaa Orville."

"Na usimwambie mtu. Hata mama watoto. Utisho ukijulikana si utisho tena."

Orville naye alielezwa hivyohivyo, akaongeza ya kumkatisha tamaa Wendell. Halafu Bev, mkewe Wendell, mwanamke mpole anayefuma soksi, alimvuta Lyle nyuma ya choo akamwambia kwamba miaka yote anapewa kuwa mchawi mwenye chungu, amechoka na chungu. Yeye pia anataka kutoa roho. Lyle akamwonea huruma, akamuuzia. Akawaonea huruma wengine. Kona ile moja aliiuza mpaka yeye mwenyewe akapoteza hesabu, na pesa zote zikaingia katika mkoba wa turubai alioulalia usiku kama mto.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jumamosi jioni, siku yenyewe ya Halowini, kambi nzima itakuwa imechutama vichakani, inanyamaza, inangoja mtu wa kumtisha. Hapo Lyle anawasha gari polepole na kula kona.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakununua chochote. Mama Arlys Tollefson, mjane mnene mwenye sweta la picha ya bata, ambaye hakuna shughuli kambini ilipita bila yeye kufika na bakuli la viazi vilivyookwa kwa jibini, na kubaki mwisho kuosha vyombo vya wote. Yeye ndiye aliyeleta trekta na tela. Alhamisi alimkuta Lyle anapima upepo wa matairi.

"Mwanangu, unasafiri?"

"Hapana, mama. Nakagua tu."

"Vizuri. Maana kesho mchana tuna mazoezi."

Lyle akainuka. "Mazoezi ya nini?"

"Ya kutisha. Hata watoto wa kanisani hawaigizi Krismasi bila mazoezi. Nimeshawaambia wote. Kila mtu saa tisa alasiri pale alipopangiwa, na nguo zake."

"Mchana, mama? Jua likiwaka?"

"Ndiyo tuone makosa. Na wewe ndiye utapanda tela, maana ndiye mkubwa wa shughuli. Kula kiazi."

Lyle alifikiria kutoroka alfajiri. Alfajiri Orville alikuwa amemwekea kiti mlangoni na chupa ya kahawa, anataka ushauri juu ya mundu. Saa mbili akaja Wendell. Saa nne Bev. Saa tano Gordy, kumuuliza kama taa ni moja kweli. Watu wa huku wakikupenda hawakuachi upumue. Saa tisa ilimkuta amekaa peke yake juu ya marobota ya nyasi, mkoba kifuani, trekta linanguruma na Mama Arlys kwenye usukani.

Jua lilikuwa kali, ndege wanaimba. Popo wa kwanza alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja anakunywa soda; akainuka, akasema "Bu!" akakaa. Maiti wa pili alikuwa anapaka mafuta ya kuzuia jua. Lyle hakuogopa kitu. Alichokuwa anaogopa kilikuwa mbele.

Kona ya Mwaloni ikafika.

Kutoka nyuma ya mti akachomoza Mtoa Roho, joho jeusi, mundu mrefu. "Haaaa!" Kutoka shimoni akachomoza wa pili. Kutoka juu ya tawi akateremka wa tatu, kiuno kikamkatalia katikati, akabaki ananing'inia. Wa nne, wa tano. Nyasi zikafunguka, akatoka mwingine. Walikuwa tisa, na kila mmoja alipojitokeza Lyle alimtambua kwa kiasi alicholipa. Alipiga yowe. Halikuwa yowe la kuigiza. Lilianzia kwenye unyayo, likapita tumboni, likatoka na roho yake nusu, mpaka bata wa bwawani wakaruka wote kwa pamoja.

Halafu Watoa Roho wakatazamana.

"Wewe nani?" mmoja akamwuliza jirani yake.

"Wewe nani? Hii ni kona yangu, nimelipa!"

"Nimelipa mimi!" Akamvuta mwenzake kofia ya joho. "Bev? Si ulisema unakwenda kufuma?"

"Na wewe Wendell si ulisema unakwenda kuvua samaki?"

"Alisema ni mimi tu," Orville alilia kutoka kwenye tawi. "Alisema Mtoa Roho ni mmoja!"

Kofia nane nyeusi zikageuka kwa mpigo kumtazama Lyle, na ya tisa ikageuka kichwa chini. Lyle akatazama kushoto, akaona mundu. Akatazama kulia, akaona mundu.

"Jamani!" Mama Arlys alizima trekta, akasimama juu ya kiti. "Kwani hamjaelewa? Hamwoni kijana alichofanya? Mtoa Roho mmoja kila kambi inaye. Nani ana tisa? Na mngejua mko tisa mngekubali?"

"Nisingekubali," Wendell alisema.

"Unaona! Ndiyo maana akaficha. Mmesikia alivyolia mwenyewe, na aliyewapanga ni yeye! Mchana kweupe! Je, usiku?"

Watoa Roho wakaanza kutikisa vichwa taratibu, kukubali. Mmoja akacheka. Lyle aliona mlango umefunguka, akaukimbilia bila kuangalia unaelekea wapi.

"Ni kweli," alisema. "Nilitaka iwe kwaya ya Watoa Roho. Mama amenifichulia siri."

"Na siri nyingine pia waambie, mwanangu," Mama Arlys alisema, macho yamejaa machozi. "Basi nitawaambia mimi, wewe una haya. Jamani, mnadhani pesa zile alikuwa anachanga za nini? Huyu kijana hakulala akifikiria mnavyooga maji ya barafu. Kila senti ni ya mtambo mpya wa maji ya moto!"

Makofi yalipigwa mpaka majani yakadondoka. Bev akapanda telani akambusu Lyle shavuni. Orville, aliyekuwa ameteremshwa, alilia kabisa. Lyle alifungua mdomo. Akitaka kukataa, aseme pesa ni za nini? Akaufunga.

"Na Gordy!" Mama Arlys aliendelea, maana mwenye kambi alikuwa amefika mbio aliposikia yowe, akidhani kuna ajali atakayolipia. "Gordy naye aliniahidi. Kila dola ya kijana, na yeye ataweka dola yake juu!"

"Mimi? Lini?"

"Usione haya, Gordy! Mpigieni makofi!"

"Gor-dy! Gor-dy!" Popo, maiti, mchawi, wote. Hakuna binadamu anayeweza kusema hapana mbele ya watu waliomshangilia, wanaomlipa kodi, na wenye miundu mikononi. Gordy akaenda ofisini akarudi na bahasha nene, na uso ambao Wendell alisema aliujua vizuri: wa mtu anayeng'olewa gego bila ganzi.

Bahasha ikaingia mkobani. Mkoba ukaenda mikononi mwa Mama Arlys, na Lyle akajiona anavyouachia kidole kimoja kimoja.

"Benki wanafunga saa kumi na moja," mama alisema. "Na trekta linakwenda kama kobe."

"Nitakuendesha mimi, mama," Lyle akasema haraka, damu imemrudia usoni. Barabara ya kwenda mjini ni ndefu, na mjane mmoja mnene si kikwazo.

"Wewe? Watu wanataka kukutisha tena! Jamani, hamtaki tena?"

"Tena! Tena!"

"Basi nipe ufunguo tu, mwanangu. Gordy ataendesha trekta."

Akampa. Angefanyaje? Trekta likawashwa, mizimu ikakimbilia vichakani ikicheka kama watoto, na kwenye uwazi wa miti Lyle aliliona gari lake linapita getini. Lilitoa taa ya kugeuka kulia. Mji uko kushoto.

Jioni Mama Arlys hakurudi. Usiku hakurudi. Jumamosi asubuhi walikusanyika nje ya nyumba yake.

"Orville, mpigie watoto wake," Wendell alisema. "Si rafiki yako wa zamani?"

"Wangu? Mimi nilidhani ni wenu, wewe na Bev."

"Sisi tulidhani ni ndugu yake Gordy."

"Ndugu yangu?" Gordy alisema. "Alikuja Agosti mwishoni! Kanilipa wiki mbili!"

Walitazamana. Agosti! Lakini walikuwa wamekula viazi vyake! Mtu aliyewaoshea vyombo vyote vile, nani angemwuliza anatoka wapi? Na wakati wanatazamana, akaja mkulima wa ng'ambo ya bwawa kuchukua trekta lake, akasema alimwazima bibi mmoja mzuri wa kanisani.

"Tumwite polisi," Bev alisema.

"Tumwambie kaiba kiasi gani?" Lyle aliuliza, naye alikuwa anauliza kweli.

Wendell akafungua mdomo kutaja alicholipa. Akamwona Bev anamtazama. Bev akafungua wa kwake, akamwona Wendell. Orville akakohoa. Gordy akakumbuka kwamba polisi huanza kwa kuuliza risiti. Wote wakaanza kuyasifu mawingu, kwamba leo hayatanyesha. Mkulima akaombwa aache trekta mpaka kesho.

Usiku ule watu wa mjini walikuja wengi kuliko mwaka wowote, maana habari za yowe zilikuwa zimeenea. Gordy aliwatoza bei mara mbili, akampandisha Lyle mbele kabisa juu ya marobota, akamwahidi nauli ya basi la Duluth kama atapiga yowe kama la jana. Watu walinong'ona kwamba yowe la namna ile haliwezi kurudiwa.

Lilirudiwa, tena kabla hawajafika hata kwenye mwaloni. Lyle hakuhitaji Mtoa Roho. Alifumba macho tu, akamwona mama mmoja mwenye sweta la bata, ameshusha vioo vya gari lake vyote viwili, anaingia Florida.