Mkwe Wangu Kajifungua Bila Hata Kelele Moja

Kwa Muuguzi Mkuu, Wodi ya Wazazi.

Bibi Muuguzi, nakusalimu kwa heshima zote.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na tangu juzi ni bibi wa mjukuu wa kiume. Kwa masikitiko nalalamikia sindano ya ganzi aliyochomwa mkwe wangu mgongoni, akiwa na uchungu, wodini kwenu.

1. Nilifunga duka mchana kweupe nije kumshika mkono. Nikamkuta ameegemea mito, anachana nywele. Akaniuliza, "Mama, umekula lakini?" Bibi Muuguzi, mimi ndiye niliyekuja kumpa pole!

2. Kuhusu mtoto, niliogopa kwelikweli. Nilimbana daktari wa ganzi mlangoni: "Dawa hii haitamlevya mjukuu wangu?" Akanieleza taratibu kwamba inayomfikia mtoto ni kidogo sana, na kwamba wanapima presha ya mama na mapigo ya moyo wa mtoto. Sikuridhika. Niliikodolea macho ile mashine ya mapigo mpaka muuguzi akanihurumia, akaniletea kiti.

3. Mtoto alipotoka alilia hadi mfagizi akachungulia. Yaani aliyepiga kelele siku ile ni mmoja tu, tena mdogo kuliko wote. Huo ni uonevu.

4. Kwa miaka thelathini na moja, mwanangu akinikaidi namwambia, "Nilikuzaa kwa siku mbili!" Huzima redio papo hapo. Sasa mkwe wangu atamwambia nini mwanawe? "Nilikuzaa nikichana nywele"? Mtoto huyo ataleleka kweli?

Naomba basi mmpe mkwe wangu cheti chenye mhuri, kithibitishe kwamba aliteseka. Saa kumi na mbili zitatosha. Ikishindikana kwa kuwa ni uongo, kila anayechomwa sindano hiyo aamriwe kupiga mayowe matatu, kwa heshima yetu tuliotangulia.

Nisalimie wauguzi wote, mfagizi, na hata huyo daktari, ingawa nimemnunia.

Ni mimi mwenye kinyongo,
Bibi wa mtoto wa kitanda cha nne.

Nyongeza: Binti yangu wa mwisho atajifungua mwezi ujao, na hofu imemnyima raha. Nilipomzaa yeye, nilimsihi mkunga anipe dawa yoyote ile. Akasema haipo. Niling'ata shuka mpaka likachanika. Tafadhali nijulishe daktari wa ganzi yuko zamu siku zipi. Na barua hii asiione.