Kabati la Mama Watoto na Malengo Yangu Makubwa

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza maisha mapya. Redio ya karakana ilikuwa na mwalimu wa mafanikio, sauti nzito kama ya mtu aliyeshiba. Kasema mtu apange malengo makubwa, makubwa mpaka yamtishe mwenyewe. Tena maisha yawe na mizani: kazi, familia, mwili, mapumziko. Nikaweka randa chini. Haya yote nilikuwa nayajua tangu nilipoacha shule, pale walimu walipoishiwa cha kunifundisha. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kufika nyumbani, kumbe mke wangu naye ana lengo. Mama yake anakuja Jumapili. Kasema amechoka kuwa mke wa seremala anayeweka sahani kwenye beseni na sufuria chini ya meza. Kabati la jikoni liwepo kabla mama hajafika, la sivyo atamwita Sentimita.

Sentimita ni seremala wa ng'ambo ya barabara. Wamempa jina hilo kwa sababu hata msibani huenda na tepu ya kupimia kiunoni. Huyo aingie jikoni kwangu? Fundi mzima, halafu kabati la nyumbani kwangu lije kutengenezwa na mtu mwingine, mama mkwe akiangalia? Bora nihamie karakana na godoro langu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka mapema kwa ajili ya mwili. Viatu vya mazoezi sina, nikaazima vya shemeji, kaka wa mke wangu, mlinzi wa ghala mwenye miguu kama makasia. Vinanipwaya, nikajaza matambara mbele. Nikakimbia mpaka kwenye kona. Watu wakasimama kunitazama. Muuza maji akauliza nani ananifukuza. Nikamjibu kwamba anayefukuza ni mimi. Akauliza sasa aliyefukuzwa yuko wapi. Watu wa mtaa huu wana fikra fupi.

Nikarudi hoi, lakini hoi ya kitaalamu. Mke wangu alikuwa amepiga deki, nikavua viatu mlangoni, nikaingia jikoni peku kupima ukuta. Mimi tepu situmii. Napima kwa unyayo, kisigino kwa kidole gumba. Ukuta huu: nyayo nane kamili. Ujanani nilipima hivyo hivyo meza ya mgahawa mmoja. Paa likaanguka, meza haikutikisika, mwenye mgahawa akauza chai chini yake mwaka mzima. Mashahidi wapo, ila wamehama.

Mchana wote mapumziko. Mizani.

Jumatano, 6 Machi

Nimetafakari. Kabati la kawaida si lengo. La kwangu litajaza ukuta mzima, liguse dari, liwe na milango sita na taji juu kama la ikulu.

Nikatoka mazoezini moja kwa moja hadi karakana, viatu vya shemeji miguuni, nikapima mbao. Nyayo nane, sikuongeza hata ukucha. Nikakata.

Sentimita akavuka barabara kuja kuchungulia. Akaziangalia mbao, akaniuliza kama jikoni kwetu siku hizi tunaegesha lori. Nikamwambia watu wa milimita hawawezi kuelewa watu wa malengo. Akasema haya, mzee wa malengo, akaondoka akicheka kama mtu anayepiga chafya.

Ijumaa, 8 Machi

Jana sikuandika, ilikuwa zamu ya familia. Nilikwenda kwa dada yangu kumfundisha mizani ya maisha, somo likachukua mpaka chakula cha usiku. Mke wangu kauliza hiyo familia ninayoishughulikia ni ipi, maana yeye alishinda na mtoto mwenye homa. Nikamweleza kwamba mizani ina pande nyingi. Kasema ya kwake ina upande mmoja, na kabati liko wapi.

Leo nimetia gundi na misumari. Liko imara. Tembo akiliegemea ataomba radhi.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzito.

Tumelileta kwa mkokoteni, wanaume wanne wakihema. Mlango wa jikoni tuliung'oa. Likaingia kiulalo, tukalisimamisha, tukalisukuma ukutani. Likagoma. Nikaamuru tusukume kwa imani. Lipu ikamwagika.

Nikatoa maelezo. Kuta za matofali hunywea msimu wa unyevu, jambo hilo linajulikana. Wabebaji wakaangalia dari. Mke wangu akaangalia miguu yangu. Akauliza ukuta niliupima peku? Nikasema ndiyo, si alikuwa amepiga deki. Na mbao nikazipima na viatu vya kaka yake? Nikasema unyayo ni unyayo.

Hakufoka. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Alikaa juu ya ndoo, akazitazama sahani zake kwenye beseni, akasema polepole kwamba yeye hakuomba kabati la ikulu. Aliomba mahali pa kuweka sahani. Nikachukua kitambaa, nikaanza kuzipangusa moja moja. Vumbi la mbao lile.

Kisha akavaa ndala, akavuka barabara.

Jumapili, 10 Machi

Sentimita alifika kabla ya chai. Akapima. Akapima tena alichokipima. Halafu akaanza kulikata kabati langu upande wa kushoto, mimi nimelishika, ni kama kumshika mwanangu anayeng'olewa jino. Taji akalishusha. Akaunga ubavu upya, likaingia ukutani kama droo.

Mama mkwe akafika. Akafungua milango, akaifunga. Akapitisha kidole kwenye maungio. Akauliza nani kafanya kazi hii. Sentimita akafunika mdomo kwa kikombe. Mke wangu akasema wamesaidiana, mama, huyu na jirani. Akanitazama mara moja tu, akaendelea kupanga sahani.

Mama mkwe akasema kazi nzuri, hasa upande ule wa kushoto.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeipima wiki yangu kwa haki. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga. Lengo lilikuwa kubwa, jikoni ndiko hakukuwa tayari kukua. Kazi nilianza mimi, akamaliza Sentimita: mizani zaidi ya hiyo mwalimu wa redio hajawahi kuiona. Nafikiria kumpigia simu nimsahihishe mawili matatu.

Asubuhi mke wangu kaniomba kigoda, kidogo tu, apande afikie rafu ya juu. Kasema kwa upole, tena mara mbili: kidogo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kigoda! Mtu niliyefika hapa nirudi kwenye vigoda? Nimeshaanza kumtengenezea ngazi ya ghorofani, yenye kona na mahali pa kushika. Nyumba yetu haina ghorofa. Hilo nimelipanga wiki ijayo.