Jokofu Lenye Uzoefu wa Miaka Mitano

Siku aliyofariki mke wangu ndiyo siku Mamlaka ya Uteuzi wa Majokofu ya Kuaminika ilipoutangazia umma kwamba, kuanzia saa hiyo, ni marufuku kwa mwananchi yeyote kujichagulia jokofu la nyumbani. Tangazo lile nililiandika mimi, maana mimi ndiye katibu wa Mamlaka. Nililimalizia nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya mlango ambao daktari alikuwa ameingia na hajatoka. Mkurugenzi alinipigia simu kuuliza kama baada ya maneno "ndugu wananchi" tuweke mkato au nukta. Nikamwambia mkato. Daktari akatoka.

Silalamiki. Lilikuwa tangazo zuri, na lilihitajika. Watu walikuwa wakiingia dukani, wanapenda rangi, wanalipa na kuondoka, bila kumshirikisha mtaalamu hata mmoja. Nchi haiwezi kuendeshwa hivyo.

Mkurugenzi alikuja msibani. Alitoa pole kwa niaba ya Mamlaka, halafu kwa niaba yake binafsi, halafu akaomba maji ya baridi. Akapewa. Siku ile friji yetu ilikuwa bado hai.

Ilikuwa friji ya siku nyingi, na mke wangu ndiye aliyeielewa. Mlango wake ulikuwa haurudi wenyewe, kwa hiyo alikuwa akiusukuma kwa nyonga huku mikono imeshika sufuria, na sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo. Watu wa msibani hawakuwa na nyonga ile. Waliufungua na kuuacha wazi mchana kutwa, na kabla wageni wa mwisho hawajaaga, friji ikanguruma mara moja, ikanyamaza. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akaenda kuishika ubavuni kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Na hii nayo imemfuata," akasema. "Haya. Dawa yangu tunaiweka wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Mama ana kisukari. Dawa yake ya sindano inataka ubaridi. Ikipigwa na joto inaharibika kimyakimya, wala haibadiliki rangi wala harufu ili ikuonye. Tulikwenda kwa muuza duka wa pembeni, ambaye mtaa mzima tunamwita Kipepeo kwa sababu hujipepea na kipande cha boksi kutwa nzima.

"Weka hapo katikati ya soda, mama," Kipepeo akasema. "Ila usiku nazima. Bili ya umeme inauma."

"Ukizima dawa itakufa, mwanangu."

"Nisipozima nitakufa mimi, mama yangu. Tugawane."

Wakagawana. Haukupita muda mrefu, mama akaanguka bombani na ndoo yake. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatazama kipimo, akanitazama mimi.

"Hii dawa mnayomdunga ni maji tu," akasema. "Hatafika mbali hivi. Si mnunue friji?"

"Siku hizi hatununui hivihivi. Tunateuliwa."

"Na nani?"

"Na sisi," nikasema. "Yaani ofisi yetu."

Muuguzi aliandika kitu kwenye kadi ya mama. Nadhani kilinihusu.

Nilipeleka ombi kama mwananchi mwingine yeyote. Mtumishi wa umma hapaswi kujipendelea. Ombi hupokelewa kwenye dirisha la wananchi, na dirisha lile mfunguaji ni mimi. Kwa hiyo nikaingia ndani, nikalifungua, nikatoka nje, nikasimama, nikaweka ombi langu pale, nikazunguka tena ndani, nikalipokea. Nilijiambia nirudi baada ya wiki mbili.

Sasa nieleze jinsi Mamlaka inavyoteua, kwa sababu wapo watu wanaotucheka bila kuelewa. Mkurugenzi wetu alitoka idara ya ajira, na alipopewa majokofu hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu uliokwishazoeleka. Jokofu la kuaminika ni lile lenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitano, tabia njema, na mdhamini mwenye wadhifa katika jamii. Suala la kupooza halikuwekwa kwenye vigezo, kwa kuwa kila jokofu hudai linapooza.

Mwenye duka la vyombo vya umeme alituletea friji mpya kabisa, ingali na nailoni. Kamati ikaizunguka. Kamati yetu ni Mkurugenzi, Mwanasheria, na Mtaalamu wa Ubaridi, ambaye zamani alikuwa mtaalamu wa madaraja.

"Limewahi kufanya kazi wapi?" Mtaalamu akauliza.

"Ni jipya, mkuu. Limetoka kwenye boksi leo."

"Kwa hiyo halina uzoefu."

"Litaupata likianza kazi."

"Haliwezi kuanza kazi bila uzoefu," Mwanasheria akamfafanulia taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa. "Tukisharuhusu hilo, kesho tutaletewa kila kitu kutoka kwenye boksi."

"Basi ninalo jingine limetumika miaka sita. Zima kabisa."

"Hilo ni la mtumba. Mitumba tumepiga marufuku."

Mwenye duka akashika kiuno, akalitazama jokofu lake, akaitazama Kamati. "Wazee wangu, lipya halifai, la zamani halifai. Nilete lipi sasa?"

"La kuaminika," Mkurugenzi akasema.

Mwenye duka akalirudisha kwenye gari. Alituambia atalileta likishakua.

Hali iliendelea hivyo. Katika ripoti zangu niliandika kwamba uteuzi unakwenda vizuri na kwamba hakuna jokofu hata moja lililoteuliwa na Mamlaka ambalo limewahi kuharibika. Ulikuwa ukweli mtupu, na Mkurugenzi aliusoma kwenye redio.

Jioni nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amekonda, viatu vyake vinampwaya, na alianza kuniuliza jambo moja mara mbili. Aliniuliza mara mbili pia kama binti yake amerudi kutoka sokoni, halafu akakumbuka, akaomba radhi. Nikamwambia hakuna neno, mama. Kesho yake nililiweka ombi letu juu kabisa ya mafaili yote. Huo ndio upendeleo pekee niliowahi kuufanya katika utumishi wangu.

Kamati ikamwita mama mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mtumiaji. Alikuja amevaa vizuri, akaketi, akaziweka sandali zake pembeni kama yuko sebuleni kwa watu.

"Mama, unahitaji jokofu la namna gani?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Linalopooza, baba. Mengine mtaongeza wenyewe."

"Kupooza ni matokeo," Mwanasheria akasema. "Sisi tunashughulika na uaminifu."

"Uaminifu wa friji?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani uaminifu ni wa watu."

"Huo uko wizara nyingine," akasema Mwanasheria, "na bajeti yake haikupita."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilijua ni sukari inampanda, nikataka kumletea maji, lakini katibu haondoki kikao kikiendelea.

"Na wewe, baba," akamwambia Mkurugenzi, "kwako mna friji?"

Mkurugenzi akacheka. Ni mtu mwenye kicheko kizuri, kinachoanzia tumboni. "Mama, usiniulize. Kwangu kuna jokofu, milango miwili. Mwaka wa saba huu, halijawahi kukohoa. Umeme ukatike, urudi, lenyewe halina habari. Nikiweka nyama, naikuta nyama. Mimi mwenyewe nalidhamini mbele ya mtu yeyote."

"Miaka saba," Mtaalamu akarudia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonyeshwa daraja.

"Na mdhamini ana wadhifa," Mwanasheria akaongeza haraka, asije Mtaalamu akaonekana yeye ndiye aliyesifia zaidi. "Mheshimiwa, ninaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hili ndilo jokofu la kwanza kutimiza vigezo vyote."

"Na wala si la mtumba," Mtaalamu akasema, "maana halijauzwa."

"Wala si jipya."

"Lina tabia njema. Linafanana na nyumba lilimokulia."

Mkurugenzi alijaribu kukataa sifa hizo, lakini kwa namna ya mtu anayekataa kuongezewa kinywaji huku gilasi ameinyoosha. Mwanasheria akatoa hoja kwamba jokofu hilo litangazwe kuwa Jokofu la Kuaminika Nambari Moja. Mtaalamu akaunga mkono. Wakapiga makofi, mama naye akapiga, kwa adabu. Nikaandika azimio, nikalisogeza mezani. Mkurugenzi akasaini kwa madoido, akauliza kama tutapata mpiga picha.

"Mheshimiwa," nikasema, "nitekeleze?"

"Sasa katibu, wewe kila kitu mpaka uambiwe? Tekeleza."

Nikatekeleza. Kanuni ya utekelezaji ni fupi, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeitunga, siku aliyokasirika kwamba Mamlaka inasemwa vibaya kwa uzembe. Inasema jokofu likishateuliwa kwa ombi lolote litahamishiwa kwa mwombaji kabla ya jua la kesho kuzama, popote lilipo. Ombi lililokuwa mezani lilikuwa la mama.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Mkurugenzi na gari la ofisi na vibarua wawili. Mke wake alifungua geti akiwa na mwiko mkononi.

"Karibuni. Mmetuletea nini?"

"Hatukuleta, mama. Tumekuja kuchukua."

Nikampa azimio. Akalisoma lote, akarudi juu, akalisoma tena. Akampigia simu mumewe. Hakupokea, alikuwa kwenye sherehe ya kupongezwa.

"Sahihi ni yake," akasema hatimaye. "Hata mimi alinioa kwa sahihi hiihii, na siku ile pia hakusoma."

"Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Usumbufu wa nini? Miaka saba nalifuta vumbi mimi, na yeye ndiye aliyelidhamini." Akageukia vibarua. "Lina uzito. Mmoja ashike chini. Na nyama je?"

"Kanuni inahusu chombo tu, mama. Vya ndani ni mali ya familia."

Tukaitoa nyama na samaki, maziwa, na keki iliyoandikwa *Hongera*, tukavipanga mezani pake. Jua lilikuwa tayari kali. Alitusindikiza hadi getini, akawaambia vibarua wasililaze chali.

Mkurugenzi alikuja ofisini mchana. Sitarudia maneno yake ya mwanzo, kwa kuwa hayakuwa ya kiofisi. Alipotulia aliamuru azimio lifutwe. Mwanasheria akafungua kanuni.

"Inawezekana, mheshimiwa. Uteuzi hufutwa iwapo mdhamini atatamka kwa maandishi kwamba jokofu si la kuaminika, na kwamba alipolidhamini alisema uongo."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

Mwanasheria akamgeuzia ukurasa wenye sahihi yake. Mpiga picha alikuwa bado yupo.

"Basi nitanunua jingine."

"Kujinunulia ni marufuku, mheshimiwa," nikamkumbusha. "Lakini dirisha la wananchi hupokea maombi hadi saa tisa."

Nilizunguka ndani nikalifungua. Akaja akasimama upande wa nje, peke yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba dirisha lile tulilijenga chini mno, ilimbidi ainame. Nilimuuliza kama anapendekeza jokofu lolote lenye uzoefu wa miaka mitano na mdhamini mwenye wadhifa. Akasema analijua moja tu. Nikamwambia hilo limeshapangiwa kituo cha kazi. Nikapokea ombi lake, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Hizo wiki mbili zimepita zaidi ya mara moja. Kamati inafanya kila linalowezekana. Mwanasheria ametoa friji yake nyumbani, ameificha kwa shemeji yake. Mtaalamu anasema ya kwake inakohoa sana na haina tabia. Mkurugenzi huja kwetu jioni na chupa ya maziwa na mfuko wa nyama. Hugonga. Mama ndiye humfungulia.

"Karibu, baba. Weka rafu ya chini, ya juu ni ya dawa. Na usikae umefungua, baridi inatoka."

"Sawa, mama."

"Ombi lako vipi?"

"Wanasema linashughulikiwa."

"Watalishughulikia tu. Wale ni watu makini."

Anashukuru, anakwenda. Muuguzi alipompima mama mara ya mwisho alisema sukari imeshuka, na viatu vimeanza kumkaa. Asubuhi anajidunga mwenyewe. Jioni mkono wake humtetemeka, kwa hiyo namdunga mimi, mkononi, yeye akitazama ukutani. Kazi hiyo ilikuwa ya mke wangu.