Tumwombee Remedios

Jumatatu, 4 Septemba

Nimekosa mwanzo tena. Kengele ya kumaliza sala imelia kijiji kizima, majirani wamekwisha kaa mbele ya televisheni zao, sisi bado tumefumba macho. Baba mkwe, Mzee Apelu, anaomba kama mtu anayelima: hatoki mpaka amalize tuta la mwisho. Kaombea kwaya, kaombea mvua, kaombea meli ya kisiwa cha Savai'i na mafundi wake. Tunasema Amina, tamthilia iko katikati!

Maoni yangu kuhusu kile kipande nilichokiona: Gustavo ni mpumbavu. Remedios kaanguka kanisani siku ya kuvishwa pete, yeye anakimbilia daktari kwa miguu, na gari lake liko nje linang'aa. Wafilipino wanajua kutunga tamthilia, lakini wanaume wao wanawatunga bila akili. Na mama yake Gustavo ana macho ya mtu aliyetia kitu kwenye chai. Nilisema tangu wiki iliyopita. Masina, mke wangu, anadai nilisema ni padri. Sikusema padri.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi. Katikati ya sala nilifumbua jicho moja niangalie saa. Baba mkwe alikuwa amefumbua yake mawili. Akasimamisha sala, akaniuliza mbele ya watu wote, Falaniko, kitu gani kinakusumbua. Ningejibu nini? Jumamosi ukoo unakutana kuamua nani arithi jina la uchifu la marehemu mjomba wa Masina. Mimi mtu mzima naishi ukweni, nakuna nazi, natumwa hata na watoto. Mkutanoni nakaa nyuma, karibu na masufuria. Nikipewa jina hilo nitakuwa matai, nitakaa nimeegemea nguzo kama wakubwa, nitaletewa koko, ile kakao yetu ya moto, mkononi. Siwezi kusema nilikuwa nawaza tamthilia.

Nikasema namwaza Remedios, ndugu yangu wa upande wa mama, yuko Savai'i, mgonjwa sana. Uongo uko hapo kwenye undugu tu. Baba mkwe akaona jina ni la kigeni. Nikasema alibatizwa na masista. Akafumba macho tena, akamwombea. Kwa kirefu.

Jumanne, 5 Septemba

Pesamino anajua. Ameoa dada wa Masina, anaishi ukweni kama mimi, na anautaka uchifu uleule. Jana kwenye sala mabega yalikuwa yakimtikisika, nikadhani analia. Leo kanikuta jikoni, kaniambia kwa upole, "Pole na mgonjwa, mwanyumba. Na Gustavo naye hajambo?" Akaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Atanyamaza, anasema, ila mgongo unamuuma na nguruwe wake hawajala. Nimewalisha. Wana tabia zilezile za mwenyewe.

Mchana nimekwenda dukani kwa Mama Lusia kuona ile ya Wakorea, ya madaktari wanaopendana. Maoni: hakuna anayetibiwa. Daktari mkuu amesimama kwenye korido wiki nzima anatazama mvua. Mgonjwa wa chumba cha mwisho hajaguswa na mtu. Ningekuwa ndugu yake ningemhamisha.

Jioni Baba mkwe kanishika kabla ya sala, anataka habari za Remedios. Sikuwa na la kubuni, nikampa ya kwenye tamthilia: anahitaji damu, na mama wa mchumba wake, Gustavo, anashukiwa kumwaga dawa zake. Sikutegemea yaliyofuata. Mzee aliweka kikombe chini. Akauliza mama huyo ni wa ukoo gani, na wachifu wa kijiji chao wanasemaje. Akasema mtu kama huyo atozwe nguruwe, na wazee wake waje wakae juani mbele ya nyumba ya mgonjwa, wamejifunika mkeka, waombe radhi mpaka waambiwe inukeni. Kusema kweli hayo ndiyo maoni bora niliyowahi kusikia kuhusu tamthilia hii, na yangu nimeyahesabu humo.

Kisha akaagiza wanaume wote wa nyumba tujiandae kuvuka kwenda kutoa damu. Pesamino huzimia akiona sindano. Aliacha kutabasamu, hilo lilinifariji kidogo.

Sala imekuwa ndefu kuliko ya jana. Nimefika nyumba ya nyuma, kwenye televisheni, mtu kapigwa kofi na muziki wa kufunga unalia. Nani kapigwa? Kila mtu ananiambia lake.

Jumatano, 6 Septemba

Sikulala vizuri. Mpango umenijia alfajiri nikikaanga koko: Remedios apone. Mgonjwa akipona, haombewi. Asiyeombewa hacheleweshi mtu. Nilishangaa kwamba sikuufikiria mapema.

Nimemwambia Baba mkwe simu imekuja, Remedios kaamka, kaomba magimbi na tui la nazi, kamaliza sahani. Mzee kanishika mikono yote miwili. Damu haihitajiki tena, Pesamino akavuta pumzi. Halafu ikaja shukrani. Jamani. Wimbo baada ya wimbo, beti zote, hata zile ambazo kwaya huziruka. Alipomaliza akatangaza kwamba Remedios aje Jumapili baada ya ibada tule naye, na Gustavo aje, akae karibu yake, amwambie maneno mawili matatu kuhusu kumdhibiti mama.

Nimemwaga uji. Masina kaniuliza nina homa, nikasema ndiyo, na naamini ninayo.

Sehemu ya leo sikuona hata sura moja. Nimelazimika kusimuliwa na Pesamino, kwa malipo ya kupalilia magimbi yake. Anasema imefahamika kwamba Remedios ana pacha. Simwamini. Mtunzi mwenye akili huleta pacha wiki ya kwanza, haleti pacha watu wakianza kufunga virago. Anataka niaibike dukani kwa Mama Lusia.

Alhamisi, 7 Septemba

Remedios hawezi kuja Jumapili. Hawezi kuendelea kuwa mzima, wala hawezi kurudi kuwa mgonjwa, maana mgonjwa ana sala na mzima ana mwaliko. Nimelizungusha kichwani tangu asubuhi. Lilibaki moja.

Jioni nimetangaza kwamba Remedios amefariki.

Nilitazamia pole, labda wimbo mmoja. Baba mkwe alivua miwani, akalia. Alilia kweli, mzee mzima, machozi yanafuata mikunjo. Akasema msichana yule alikuwa amemwingia moyoni. Nilisikia aibu, na nilikuwa bado naisikia alipoanza kutoa amri. Nguruwe mkubwa achinjwe. Katoni za samaki wa kopo zikusanywe. Mikeka ya heshima itolewe chini ya magodoro yote. Jumamosi tunavuka kwenda mazishini, ukoo mzima, na hotuba ataitoa yeye mwenyewe.

Kisha akanitazama. Akasema mwanamume anayebeba msiba kimya namna hii anastahili jina, na haifai niingie kwa wafiwa bila cheo. Kwa hiyo mkutano uko palepale, Jumamosi asubuhi, nipewe uchifu kwanza ndipo tupande meli. Pesamino hakuthubutu kupinga. Angeulizwa kwa nini alinyamaza tangu Jumatatu.

Masina kanivutia nyuma ya jiko. "Wewe mwanamume, umemuua mtu wa televisheni, na baba yangu anamlilia," kaniambia. Niende nikaseme sasa hivi. Nimemwomba anivumilie hadi Jumamosi. Akauliza na Jumamosi tukishuka melini Savai'i, na nguruwe, tunamzika nani? Nimemwambia hayo ya meli nitayafikiria nikishakuwa chifu.

Kwenye televisheni Remedios kajifungulia mlango wa hospitali mwenyewe, katoka akitembea. Daktari hajulikani aliko. Ni ujinga, lakini nilifurahi kumwona.

Ijumaa, 8 Septemba

Nyumba imejaa ndugu wa Masina. Kila anayeingia ananikumbatia. Siwezi kumeza kitu, nao wanasema ni huzuni, wananisifu. Shangazi Fuatino kaja na mkeka laini kama kitambaa, alioufuma miaka na miaka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Kaukunjua mapajani mwangu, kasema marehemu asiondoke bila kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

Usiku mmoja tu, nikajiambia. Nikae mbali na televisheni, nimweke mzee mbali na televisheni, kesho mimi ni matai.

Lakini leo ni sehemu ya mwisho! Nimeifuata tamthilia hii tangu Pasaka. Mtu hawezi kutakiwa ajinyime hivyo.

Tena sala ikawa fupi. Mara ya kwanza tangu nimeoa. Baba mkwe alisema moyo wake ni mzito, hana maneno, Amina. Kabla kengele haijalia tulikuwa nyumba ya nyuma, mimi, Masina, Pesamino, Shangazi Fuatino na wengine. Mama yake Gustavo akatiwa pingu. Nilisema! Remedios akafika madhabahuni, shela inaburura chini, nikasahau shida zangu zote. Padri akauliza kwa sauti kubwa, Remedios, unamkubali Gustavo?

Nikageuka. Baba mkwe alikuwa mlangoni. Alikuja kuniuliza jina la baba wa marehemu, alitaje kwenye hotuba.

Alimtazama Remedios, akamtazama Gustavo, akamtazama yule mama mwenye pingu. Kisha mimi. Nikasubiri panga. Akavuta kiti, akakaa, akasema taratibu kwamba yule mama ni mnene, yeye alimdhania mwembamba. Matangazo yakaingia, ya sabuni. Ndipo akauliza, "Sasa, Falaniko mwanangu, aliyekufa ni nani?"

Nikasema ni pacha wake.

Matangazo yakaisha. Mlango wa kanisa ukafunguka, pacha akaingia, mzima kabisa, na shada la maua. Pesamino alianguka sakafuni kwa kicheko, akajigonga kwenye meza, akaendelea kucheka. Shangazi Fuatino aliukunja mkeka wake, akauweka kifuani kama mtoto. Hilo liliniuma kuliko yote.

Mzee alitazama hadi mwisho. Alipoinuka alisema tulale, kesho kuna mkutano. Hakusema jina limefutwa. Naandika hapa wazi: hakusema limefutwa.

Jumamosi, 9 Septemba

Limefutwa. La Pesamino pia. Baba mkwe aliuambia ukoo kwamba mmoja alimdanganya Mungu katika sala, na mwingine alijua akacheka katika sala hiyohiyo, na yeye haoni tofauti. Akasema katika nyumba ile yupo mtu mmoja tu aliyetaka kusema kweli siku ya msiba, na alisikika hadi mbele Alhamisi ile alipokuwa akisema nyuma ya jiko. Jina amepewa Masina.

Nguruwe aliyechinjwa kwa ajili ya maziko kaliwa kwenye sherehe. Masina alikaa ameegemea nguzo, mkeka wa Shangazi Fuatino umetandazwa mbele yake kwa heshima, kisha akaurudisha kwa mwenyewe mbele ya watu wote. Wanawake walipiga makofi. Nilimpelekea koko nimeinama. Kaionja, kasema sukari haitoshi. Pesamino alikuwa nyuma yangu na sinia ya mashelisheli, naye kainama. Angalau hilo.

Amri yake ya kwanza ya uchifu: Falaniko hatatazama televisheni, hapa wala kwa Mama Lusia, mpaka yeye aseme. Nilidhani ananitania. Nilimkonyeza. Hakukonyeza.

Jumatatu, 11 Septemba

Tamthilia mpya imeanza leo. Nimeisikia kupitia ukutani nikikuna nazi. Kuna msichana anaitwa Esperanza, na farasi, na mtu anayekohoa. Maoni: siwezi kutoa maoni juu ya ukuta. Sijawahi kuwa na dhiki kama hii. Pesamino anacheka pale pasipochekesha, kwa makusudi, nimsikie.

Nimeyapima mambo yote kwa utulivu. Mpango wangu ulikuwa mzuri, kila mtu aliuamini, hata mzee mwenye busara kama yule. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimuua mapema mno.

Leo baada ya chakula nilikwenda mbele ya mke wangu, nikakaa chini nimekunja miguu kama inavyopasa mbele ya matai. Nikamweleza kwamba nina binamu mjini Apia, kaangushwa na farasi, hana mtu wa kumwangalia, itanibidi niende kukaa naye kila jioni kuanzia wakati kengele inapolia. Akauliza binamu huyo anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema sawa, atamwambia baba amweke kwenye sala.

Naona ameamini. Huyu simuui kabla ya Krismasi.